Nguzo ya Zimamoto Daraja Mbili

Hoja iliyo mezani ni hii: kata ya Daraja Mbili, jijini Arusha, ipewe kituo chake cha zimamoto, na kituo hicho kiwe cha ghorofa, chenye nguzo ya chuma ambayo askari ataikumbatia na kuteleza kutoka ghorofa ya kulala hadi kwenye gari. Nusu ya kwanza ya hoja haina mpinzani. Nusu ya pili inawachekesha watu. Nguzo ya namna hiyo wengi wameiona kwenye filamu na katuni tu, na mtu anayeishi chumba cha kupanga chenye dirisha moja la nondo ana mengi ya kudai kabla hajafika kwenye mbwembwe za Hollywood.

Mimi naiunga mkono, ingawa sababu yangu siyo ile inayotajwa kwanza. Nitawaacha wengine watangulie. Sauti za humu nimezitunga mwenyewe na hazina majina. Hoja zao ni zile zinazozuka kila moto unapotajwa huku Mbauda, Unga Limited na Ngarenaro. Kuna Fundi, kijana anayechomelea mageti. Kuna Mstaafu, aliyekuwa sajini wa zimamoto. Kuna Mama Lishe. Kuna Mchoraji, dada anayechora ramani za nyumba. Na kuna Bodaboda, anayeingia na kutoka kwa sababu abiria hawasubiri mjadala.

FUNDI: Shikamoo mzee, shikamoo mama. Naomba nianze mimi, maana bomba lenyewe nitalichomelea mimi. Stenlesi, inchi tatu, mita tano kasoro. Juu unakata tundu kwenye zege, chini unaweka godoro zito la mpira. Ukinipa vifaa leo, kesho kutwa jioni mtu anateleza. Na faida yake haihitaji darasa. Kengele imelia saa nane usiku, watu wanane wametoka usingizini. Kwenye ngazi wanapangana foleni, huyu anapapasa ukuta, yule buti halijaingia vizuri. Kwenye bomba unakumbatia, unaachia, uko chini.

MSTAAFU: Marahaba, mwanangu. Wewe umeanza na bomba, mimi nitaanza na farasi, kwa kuwa bila farasi hilo bomba lisingezaliwa.

MAMA LISHE: Farasi tena? Arusha hii?

MSTAAFU: Chicago, mama. Moto wa Oktoba 1871 uliila katikati ya jiji lile. Mwaka uliofuata likaundwa kundi namba 21 la zimamoto, la askari weusi, na kapteni wake baadaye akawa David Kenyon, mzungu. Kituo kilikuwa cha ghorofa. Chini farasi na mashine ya mvuke ya kusukuma maji, katikati vitanda, juu kabisa nyasi kavu za farasi. Ngazi za vituo vya wakati ule zilijengwa za kujizungusha, kwa sababu farasi akinusa harufu ya chakula huko juu, ngazi ya kawaida anaipanda. Sasa fikiria watu wanaokimbilia moto wakizunguka kwenye ngazi ya namna hiyo. Siku moja kengele ililia Kenyon akiwa juu kwenye nyasi pamoja na askari mmoja, George Reid. Palikuwa na mti mrefu wa kazi za nyasi. Reid akaukumbatia, akateleza, akawa wa kwanza kufika chini. Kapteni akaliona lile. Alimshawishi mkuu wake mpaka akaruhusiwa kutoboa sakafu, na tarehe 21 Aprili 1878 wakasimamisha nguzo ya msonobari wa Georgia. Waliichonga mpaka unene wa inchi tatu, wakaipiga msasa, wakaipaka vanishi, halafu nta.

FUNDI: Inchi tatu! Si nilisema?

MSTAAFU: Ulisema. Wenzao wa vituo vingine waliwacheka kweli kweli. Baadaye ikaonekana kwamba kila moto ukitokea namba 21 ndio wametangulia, na mkuu wa zimamoto akaagiza vituo vyote vya Chicago viwekewe nguzo. Mwaka 1880 Boston wakaweka ya shaba. Mbao ina vibanzi, na kibanzi kikikuingia ukiwa unateleza hutakisahau.

Niingilie kidogo. Anayeibeza nguzo kwa kuiita kitu cha sinema ajue kwamba walioicheka kwanza walikuwa wazima moto wenzao, na waliochekwa walikuwa watu weusi, miaka michache tu baada ya utumwa kukomeshwa Marekani. Sinema ilikuja kuikuta. Tuendelee, maana mzee bado hajasema upande aliopo.

MSTAAFU: Nimeisifu, sasa naipinga. Wamarekani wana kiwango chao: kengele ikishalia, sekunde 80 za kuvaa na kupanda gari, halafu dakika 4 za barabarani kwa gari la kwanza. Katika zile 80, nyingi zinaliwa na suruali, buti, koti na kofia. Ukiniwekea bomba utaniokolea sekunde tano, labda kumi tukiwa wengi. Sikatai, kumi ni kumi. Lakini mimi nimeshika simu ya kituo miaka mingi. Muda unaopotea kwetu unapotea kabla kengele haijalia. Nyumba inawaka, mtu anampigia simu shemeji yake. Anampigia balozi. Wanatoa runinga, wanatoa friji, wanarudi kutafuta vyeti. Ndipo mmoja anakumbuka 114, namba ya zimamoto. Akipiga anasema, “Njooni Daraja Mbili, moto!” Daraja Mbili ipi? Mtaa gani? “Hapa kwa mama wa maandazi.” Mwaka 2022 serikali iliendesha zoezi la anwani za makazi, tukabandikiwa vibao na namba, na bado mtu haijui namba ya nyumba anayolala.

BODABODA: Hapo kweli, mzee. Hata mimi abiria ananiambia “nifuate pale pa siku ile.”

MSTAAFU: Tena kuna ajali. Disemba 2003, Seattle, askari aliamka usiku kituoni akatumbukia kwenye tundu la nguzo, futi 15. Kesi ilipoamuliwa, jiji likaamriwa kulipa dola milioni 12.75. Vifundo vya miguu vinavyoteguka sina haja ya kuvitaja. Askari akivunjika kabla hajaufikia moto, umepungukiwa mtu na umeongeza mgonjwa.

Uingereza wamepita njia hiyo hiyo ya kupima hatari za nguzo. Mwaka 2006 kituo kipya cha Plymouth kilijengwa bila nguzo, na magazeti ya huko yakapiga kelele kana kwamba kengele ya kanisa imeibwa. Wapo walioiondoa na wapo walioibakiza. Sioni aibu kwa upande wowote, ila naona kwamba wale wana vituo vingi vya kuchagulia.

MAMA LISHE: Sasa mniruhusu. Nyinyi wote mnagombania namna mtu anavyoshuka kitandani. Mimi nina swali la huku anakokuja. Nyumba ninayopanga ina vyumba kumi na mita moja ya umeme. Kila mpangaji ana pasi, ana birika, waya mmoja umegawanywa kama ukoo. Julai baridi ya Meru ikishuka, watu wanaingiza jiko la mkaa ndani. Wengine wana mtungi wa gesi chini ya meza, mtoto analala karibu. Ukuta wa nyuma ni mabanzi. Uchochoro wetu toyo mbili, hizi pikipiki za mizigo za magurudumu matatu, hazipishani. Gari la zimamoto litasimama barabarani, askari wavute mpira mpaka kwetu, na mpira ukifika, maji hakuna. Kwa hiyo mtu wenu ameteleza vizuri kwa bomba la stenlesi, amekuja kutuangalia tukiungua. Wakati soko la Samunge hapa Arusha linaungua mwaka 2020, waliopoteza mitaji yao nawajua. Hakuna aliyeniambia kwamba tatizo lilikuwa ngazi.

FUNDI: Mama, lakini...

MAMA LISHE: Sijamaliza. Nimalizie kwa mzee: kwa nini mnakuja bila maji?

MSTAAFU: Swali hili nimeulizwa nikiwa na sare, nimetupiwa na mawe. Nikujibu kwa hesabu. Chukua gari lenye lita 5,000. Mpira mmoja ukiufungua vizuri unatoa kama lita 450 kwa dakika. Gawanya: dakika kumi na moja. Ukifungua mipira miwili, ni dakika tano na nusu. Watu wanaona gari limefika, linamwaga maji, halafu ghafla linageuza na kuondoka. Wanasema limekuja tupu. Limekuja nayo, mama, yamekwisha. Ndipo unatafuta bomba la zimamoto la barabarani ujaze, unalikuta limefukiwa na lami, au juu yake kuna kibanda cha chipsi.

Hesabu ile ya mzee ingefaa kubandikwa kwenye kila ofisi ya mtaa. Inaeleza hasira ya miaka mingi kwa mistari mitatu, na ukiifuata vizuri inaibeba pia ile nusu ya hoja iliyokuwa ikichekwa. Lita 5,000 haziwezi kuzima soko. Zinaweza kuzima chumba, na moto unabaki wa chumba kimoja kwa dakika chache tu. Wamarekani walipojaribu kwa makusudi kuchoma sebule yenye samani za kisasa, za sponji na plastiki, chumba kizima kilishika moto kwa mpigo mmoja kabla ya dakika 5 kutimia. Chumba chenye samani za zamani, za pamba na mbao, kilichukua karibu nusu saa. Magodoro yetu ni sponji. Makapeti yetu ni plastiki. Gari linalotoka mbali linakuta nyumba nzima na ya jirani. Linaloanzia ndani ya kata linaweza kukuta bado chumba kile kile, na maji yale yale ambayo jana hayakutosha leo yanatosha.

MCHORAJI: Hapo ndipo nilipokuwa nangoja. Mzee, naomba nikuulize. Farasi waliondoka?

MSTAAFU: Waliondoka, yakaja magari.

MCHORAJI: Nyasi za ghorofa ya tatu?

MSTAAFU: Zikaondoka na farasi.

MCHORAJI: Ngazi ya kujizungusha iliyowekwa kwa ajili ya farasi, nayo haina kazi tena. Kwa nini nguzo ikabaki karibu miaka mia mingine?

MSTAAFU: Kwa sababu watu waliendelea kulala juu.

MCHORAJI: Na waliendelea kulala juu kwa sababu viwanja vya mjini ni vidogo. Hiyo ndiyo faida ya nguzo ambayo Fundi hakuitaja. Yeye anahesabu sekunde za kushuka, mimi nahesabu mita za kiwanja. Ukiwaambia watu wachore kituo cha zimamoto, wanachora cha chini: banda la magari hapa, bweni kule, jiko, vyoo, ofisi, uwanja wa gwaride, bendera. Kinataka eneo kubwa. Eneo kubwa ndani ya Daraja Mbili hakuna, kwa hiyo kituo kinasukumwa pembeni ya jiji, penye nafasi. Halafu tunakaa hapa tukilalamika kwamba zimamoto wanachelewa. Wanachelewa tangu kwenye ramani.

Huo ndio msimamo wangu. Nguzo ni ruhusa ya kujenga kwenda juu, na kituo kinachokwenda juu kinaweza kukaa mahali ambapo moto unatokea. Sekunde kumi za kushuka ni nyongeza. Mtu anayeipinga nguzo kwa kuzidharau sekunde hizo anapigana na hoja dhaifu kuliko zote.

MCHORAJI: Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20. Mbele unaacha mita 7 gari litokee bila kugonga watu. Unabaki na 20 kwa 13, mita za mraba 260. Magari mawili na stoo ya mipira na mitungi ya hewa vinakula kama 150. Zinabaki 110. Weka chumba cha simu, vyoo, mabafu ya kuoga masizi, jiko, ofisi ya zamu na vitanda vinane. Haitoshi. Panda juu ghorofa moja, inatosha na inabaki.

MSTAAFU: Nakubali kupanda juu. Weka ngazi basi, mwanangu. Ghorofa bila nguzo zipo tele hapa Arusha, na watu wanashuka.

MCHORAJI: Ngazi itakuwepo, baba. Sheria na akili vyote vinaitaka. Lakini ngazi ya watu wanane wenye buti wanaokimbia gizani haiwi ile ya upenyo ya nyumba ya kupanga. Inataka upana, inataka mapumziko katikati, inakula ile ile nafasi niliyoitafuta. Na ngazi nayo inavunja watu. Anayekimbia kushuka ngazi usiku, macho yana usingizi, anakosa kidato kimoja, anafika chini kwa kichwa. Tundu la nguzo linataka duara lisilofika mita moja. Ngazi itumike siku zote, nguzo itumike kengele inapolia tu.

FUNDI: Na ile ya kutumbukia usiku naitibu mimi. Tundu nalijengea kijumba chenye milango miwili ya kujifunga yenyewe, springi kama za mlango wa benki. Hata ukiwa na usingizi huwezi kuingia mpaka usukume.

MSTAAFU: Milango hiyo utaihitaji kwa jambo lingine pia. Gari la dizeli likiwashwa chini, moshi unapanda. Tundu la nguzo ni bomba la moshi tayari. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliutia moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Mwaka 2022 likaitia kazi yenyewe ya kuzima moto kwenye kundi hilo hilo. Sasa vijana wangu wanavuta sumu kwenye moto, wakirudi kulala wanavuta nyingine kutoka chini ya kitanda? Hapo siwezi kukubali kwa springi za benki.

Hoja hii ndiyo nzito kuliko ajali ya Seattle, kwa kuwa ajali inatokea usiku mmoja na moshi unatokea kila usiku. Mchoraji alitaka kuijibu kwa haraka, akasita, akaijibu hivi:

MCHORAJI: Mlango wa tundu uwe na mpira wa kuziba pembeni, kama wa friji. Bweni lisifunguke moja kwa moja kwenye tundu, pawe na ukumbi katikati wenye madirisha pande mbili. Na gari livishwe bomba la kunyonya moshi kwenye ekzosi mpaka litoke nje. Ni gharama, sikatai. Lakini hata kituo cha chini chenye bweni ukutani mwa banda la magari kinavuta moshi huo, tena bila mtu kuushtukia, kwa sababu hakuna tundu la kunyooshea kidole.

MSTAAFU: Hilo ni kweli. Nimelala kwenye bweni la namna hiyo.

MAMA LISHE: Dada yangu, unaongea vizuri mpaka naogopa kukupinga. Lakini mimi nimeuza chakula Dar kabla ya kuja huku. Kituo kikuu cha zimamoto cha Dar kipo Barabara ya Morogoro, hata kituo cha mwendokasi pale kinaitwa Fire. Ukishuka hapo, sokoni Kariakoo unakwenda kwa miguu. Na soko liliungua, usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Ukaribu huo haukulisaidia. Sasa huo ukaribu wenu wa Daraja Mbili una dawa gani ambayo ule wa Kariakoo haukuwa nayo?

Kimya kidogo. Fundi alimtazama Mchoraji, Mchoraji akamtazama Mstaafu.

MSTAAFU: Soko likiwa limefungwa usiku, moto unakaa ndani peke yake unakula hadi ushibe. Unapoonekana nje, umeshakuwa mkubwa. Hapo hata kituo kikiwa mlango wa pili unakuja kupigana na kitu kilichokutangulia. Nyumba ya vyumba kumi ni tofauti, mama. Watu wamo. Mtu anaisikia harufu, anauona moto, anapiga kelele. Moto wa nyumba yenye watu unatangazwa mapema kuliko moto wa soko lililofungwa. Kwa hiyo ukaribu unafaa zaidi kwenu mnapolala kuliko sokoni mnapouza. Sokoni dawa ni mlinzi, king'ora cha moshi na waya zilizokaguliwa.

MAMA LISHE: Kwa hiyo unakubali bomba?

MSTAAFU: Nakubali kituo cha karibu. Bomba bado linanisumbua.

BODABODA: Mimi nina wazo la bei rahisi. Leteni kontena moja, mliweke hapo barabarani. Ndani toyo mbili zenye tangi la lita mia tano na pampu ndogo. Vijana wanne. Toyo inaingia uchochoro wowote, hata kwa mama hapa. Hakuna ghorofa, hakuna nguzo, hakuna zege la kukata. Nyinyi mnajenga, sisi tumeshafika.

MAMA LISHE: Huyo ndiye mtoto wangu!

Na hapa nikiri kwamba kijana ameipiga hoja yangu mahali penyewe. Kama faida ya nguzo ni kiwanja kidogo, kontena linataka kiwanja kidogo zaidi, na toyo inapita ambapo gari halipiti. Ningekuwa na fedha kidogo za kufanya jambo moja mwaka huu, ningeanza na kontena lake. Walakini lita 500 ni dakika moja na kidogo kwenye mpira mkubwa, au dakika chache kwenye mpira mdogo, na vijana wanne wanaolala ndani ya bati lile, Januari na joto lake, Julai na baridi yake, watahamishwa au watatoroka kabla mwaka haujaisha. Tunajua mwisho wa vibanda vya muda katika mji huu: vinageuka stoo ya mtu. Zimamoto Tanzania ilikuwa mikononi mwa halmashauri, kisha Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 ikaifanya jeshi la taifa. Jeshi linataka makazi ambayo askari hataomba uhamisho siku ya pili.

MCHORAJI: Toyo zako ziingie kwenye ramani yangu, kaka. Ziegeshwe mbele ya magari mawili. Kengele ikilia toyo zinatangulia uchochoroni, gari linasimama barabarani na maji mengi, mipira inaunganishwa. Lakini waendesha toyo nao wanalala juu. Na ndio hasa wanaotakiwa kuwa chini kwanza.

FUNDI: Kwa bomba!

BODABODA: Sasa hapo naona raha. Bomba mimi nateleza hata bila mshahara. Ngoja nimpeleke huyu abiria Ngarenaro, nakuja.

MSTAAFU: Unaona? Ndiyo hofu yangu nyingine. Watoto wa mtaa watajaa pale kila jioni wakiomba kuteleza. Ingawa hilo, nikisema kweli, silichukii. Wakati wetu mtoto alikuwa akituona kwenye moto tu, siku mbaya kuliko zote za maisha yake. Kituo kikiwa ndani ya kata, na watoto wakaingia, wakafundishwa 114 ni namba ya nini na namba ya nyumba yao ni ipi, yule wa “njooni kwa mama wa maandazi” atapungua. Na simu za mzaha, zile za kutuita kwenye moto ambao haupo, zinapigwa na watu wasiotujua sura. Mtu hamfanyii mzaha jirani anayemwona dukani kila asubuhi.

MAMA LISHE: Hapo mzee umeongea. Basi mimi nina swali moja, na msiponijibu nasema hapana. Hizo mita 20 kwa 20 mmezitoa wapi? Daraja Mbili ninayoijua mimi, mita hizo zina nyumba tatu juu yake, na kila nyumba ina wapangaji kumi. Kiwanja cha nani?

FUNDI: Serikali italipa fidia, mama. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati.

MAMA LISHE: Fidia anapewa mwenye nyumba. Mpangaji anapewa notisi.

Hakuna aliyekuwa na jibu la hilo, na mimi pia sina. Hoja ya kuokoa ardhi haiwezi kuanza kwa kuwafukuza wale wale inaotaka kuwaokoa.

MCHORAJI: Tusivunje nyumba ya mtu. Kila kata ina kipande cha umma: ofisi ya mtendaji, shule, soko, zahanati. Ofisi ya mtendaji kwa kawaida ni jengo la chini lenye vyumba vinne na uwanja wa kuegesha pikipiki. Libomolewe lile, lijengwe upya ghorofa mbili. Chini magari na toyo. Ya kwanza askari. Ya juu kabisa ofisi ya kata, yenye ngazi yake ya pembeni, wananchi wasipite kwenye vitanda vya watu. Kiwanja ni kile kile na hakuna mpangaji anayehama.

MSTAAFU: Mtendaji awe juu ya zimamoto? Kengele ikilia saa nne asubuhi katikati ya usuluhishi wa ndoa?

MCHORAJI: Watazoea, baba. Na mabomba ya zimamoto yaliyofukiwa, mtendaji atayafukua haraka akijua wanaoyadai wanaishi chini ya sakafu yake.

MAMA LISHE: Nami mahali pa kuuzia chai je? Pale mbele?

MCHORAJI: Mbele hapana, mama. Zile mita 7 ni za gari. Pembeni, upande wa ngazi ya wananchi, nakuchorea.

MAMA LISHE: Chora basi nione. Na uandike vipimo.